Tulipoambiwa Koko Amesafiri

Wenzangu mliokulia chini ya Mlima Meru, mnaukumbuka ukungu wa asubuhi ulioshuka mpaka kwenye migomba, usijue jirani yuko wapi mpaka akohoe? Sisi tulikulia ndani ya ukungu huo, kwetu Akheri, juu ya Tengeru. Tuliamka na harufu ya moshi wa kuni, na kahawa ikichanua shamba zima lilinukia hata ukasahau kwamba utachelewa namba shuleni. Shule tulikwenda pekupeku, kidumu cha maji mkono mmoja, ufagio mkono mwingine. Viatu vilikuwa vya kanisani. Watoto wa leo ukiwasimulia hayo wanakuuliza kwa upole kwa nini hukuita bodaboda.

Tulikuwa na Koko. Ndivyo tulivyomwita bibi mzaa baba. Jiko lake lilikuwa peke yake nyuma ya nyumba, na humo alituchomea ndizi kwenye majivu, akazipangusa kwa khanga na kuzipuliza kabla ya kutugawia. Aliyelia alipewa kubwa, kwa hiyo wote tulijifunza kulia mapema. Mimi ndiye niliyelala naye kitanda kimoja. Alinukia ugoro na maziwa mgando, na mpaka leo nikikutana na harufu hizo mbili kwa pamoja, hata sokoni, huwa nasimama kidogo.

Nilikuwa darasa la kwanza alipofariki. Sikuambiwa. Asubuhi moja mimi na mdogo wangu Elia, ambaye hata kaptula alikuwa hajui kufunga, tulipelekwa mjini Ngarenaro kwa mama mdogo. Tukakaa wiki nzima tukila chapati na kunywa soda. Soda kila siku! Ningekuwa na akili ningejua hapo hapo kwamba kuna jambo.

Tuliporudi, kitanda cha Koko kilikuwa kimetandikwa na yeye hayupo. "Amesafiri," baba akasema. Wapi? "Moshi." Lakini viatu vyake vya kanisani vilikuwa pale pale chini ya kitanda, na Koko hakuwa mtu wa kwenda Moshi bila viatu. Kesho yake tukanyolewa vipara. Tukaambiwa tuna chawa. Nikatazama, kumbe baba naye amenyolewa, baba wadogo wote wamenyolewa, hata shangazi. Nikaona chawa wa mwaka ule hawakuwa na adabu kabisa, kuwapanda mpaka watu wazima.

Halafu kulikuwa na lile tuta jipya katikati ya migomba, limejaa maua yaliyonyauka. "Tumepanda maua," nikaambiwa. Na msalaba je? "Kuku wasichakure."

Siku hizo mtoto hakuuliza swali la tatu. Niliamini yote, au niseme nilijilazimisha kuamini, maana kifuani palikuwa na kitu kizito ambacho sikukijua jina. Nilichokijua ni hasira. Koko aliondoka bila kuniaga, mimi niliyelala mgongoni kwake kila siku. Nikaacha kumtaja. Lakini mambo ya mtoto hayana mpangilio. Kila nikitoka shule nilichota maji kwenye mfereji nikayamwagilia yale maua makavu.

Mama alinikuta huko siku moja akichuma kahawa. Akaniuliza nafanya nini.

"Nataka yachipue kabla Koko hajarudi," nikamjibu. "Ila simpendi tena."

Kikapu kilimtoka mkononi, buni zote zikamwagika. Akakaa chini kwenye majani makavu ya migomba na gauni lake la kazi, akanivuta.

"Koko amekufa, mama. Yuko hapa chini, tulimzika. Harudi. Hakuondoka kwa kutaka, na angekuwa na nguvu angekuaga wewe wa kwanza."

Nikamuuliza kama anasikia baridi kule chini. Akasema aliyekufa hasikii baridi wala njaa, na mguu uliokuwa ukimsumbua haumuumi tena. Nikamuuliza kama yeye naye atakufa. "Nitakufa siku moja," akasema, "lakini leo nipo, na sasa hivi tunakwenda kupika loshoro ya mahindi na maziwa mgando." Nililia mpaka nikapata kwikwi. Kabla hatujaondoka alikata sale mpakani mwa shamba, lile jani letu refu tunalowapandia wafu wetu, akanipa mimi nilipande kichwani pa Koko. Usiku ule nililala vizuri. Na nikaanza tena kumpenda Koko, jambo ambalo lilinipa furaha kubwa kuliko ninavyoweza kueleza.

Nimeishi na siku hiyo kama watu wengine wanavyoishi na picha ya harusi yao. Niliwahi kujigamba kazini kwamba mama yangu, mkulima wa kahawa, anajua kusema na watoto kuliko wataalamu.

Mwezi uliopita tulimzika Elia. Aliugua siku nne tu. Tulimpandisha Akheri, tukamlaza karibu na Koko. Mambo ya sasa mnayajua: mahema, viti vya kukodi, sare za kitenge, na kamera ndogo inayoruka ikivuma juu ya migomba mpaka ng'ombe wa jirani wakakata kamba. Vijana wawili walijipiga picha na jeneza, kisha wakajipiga tena kwa sababu ya kwanza haikutoka vizuri. Neema, bintiye Elia, ana miaka sita. Aliachwa nyumbani kwao Olasiti na dada wa kazi, akapewa simu aangalie katuni.

Tuliporudi alitupokea mlangoni. "Baba yuko wapi?"

"Amesafiri," mama yangu akasema.

Mama yule yule. Nilitaka kukasirika, nikashindwa. Alikuwa ameshika mwimo wa mlango kwa mikono miwili, mwanamke aliyetoka kumzika mwanawe wa mwisho. Neno "amekufa" hakuweza kulitamka, na mimi sikuwa na haki ya kulivuta litoke. Basi tukanyamaza wote. Wiki mbili.

Jumapili iliyopita wifi, mjane wa Elia, aliniita chumbani. Simu ya marehemu alikuwa ameihifadhi kabatini, na siku hiyo aliiwasha atafute picha. Ilikuwa imejaa ujumbe wa sauti. Neema alikuwa akiazima simu ya dada wa kazi na kumtumia baba yake. *Baba, nimepata nyota. Baba, nimemaliza uji wote.* Ule wa mwisho ulikuwa mfupi. *Baba, sirudii tena, rudi.*

Harudii nini? Wifi akakumbuka. Asubuhi ile Elia alipozidiwa, Neema alikuwa amemwaga chai juu ya kompyuta ya baba yake, naye akamgombeza. Tangu hapo hakumwona tena.

Nilitoka nje nikamkuta mama kibarazani akimenya ndizi, Neema pembeni akipanga maganda. Nikamsemesha mama kwa Kimeru, mtoto asielewe: huyu anadhani yeye ndiye aliyemfukuza baba yake. Kisu kikasimama. Nilikuwa nimejiandaa kusema mimi. Nilishavuta na stuli.

"Neema, mjukuu wangu, njoo," mama akasema. Akajifuta mikono kwa khanga polepole, kidole kimoja kimoja. "Nilikudanganya. Baba yako hakusafiri. Baba yako amekufa. Aliugua sana, madaktari wakajitahidi, akafa. Tumemzika kwetu Akheri, na Jumamosi nitakupeleka uone."

Neema aliliweka chini ganda alilokuwa ameshika. "Si kwa sababu ya chai?"

"Si kwa sababu ya chai. Hospitali alitusimulia habari ya chai yako huku anacheka, akasema ulikimbilia chini ya meza."

"Alikuwa anacheka?"

"Alicheka, mama. Mpaka nesi akamnyamazisha."

Ndipo mtoto alipolia. Si kile kilio cha kutafuta ndizi kubwa tulichokuwa nacho sisi. Enzi zetu tulinyimwa maneno, lakini tulikuwa na shamba zima la kuzunguka na huzuni zetu, na mtu mzima aliyepita akichuma kahawa akatuona. Hawa wa leo tunawapa kila kitu isipokuwa hilo la kuonwa, halafu tunawashangaa hawasemi na sisi.

Wifi alitoka mbio na simu mkononi, katuni zimeshawaka, ili mtoto atulie. Mama aliusukuma mkono wake kando bila hata kumtazama.

"Mwacheni alie," akasema. "Ni baba yake."