Mimi naandika Vitongoji, Mama anasoma Wawi

Huenda mchana huu nimegeuka shangazi wa mchumba wangu.

Nipo Vitongoji kwa Bi Mize, bibi mzaa baba wa Khamis wangu. Nakusanya majina ya ukoo kwenye daftari la simu, mara akasema:

"Wewe mie nilikunyonyesha, mamako alipougua."

Nikaandika. Kisha nikafuta mbio!

Nilisahau kuwa daftari hilo liko pia kwenye kompyuta ya nyumbani, Wawi, na Mama alikuwa akilisoma. Maneno yake yakaanza kutokea humo humo, kwenye simu yangu:

"Usifute. Muulize mara ngapi."

Kwa sheria ya dini, zikifika tano mimi ni mwanawe wa kunyonya, na ndoa haramu.

Niombeeni dua jamani, maana Bi Mize anahesabu kwa vidole. Kafika cha nne, na bado anakumbuka.