Pacha wa Makaratasi

Mimi na mdogo wangu tumepishana mwaka mmoja na miezi minane, lakini serikali mbili zinaamini kuwa sisi ni pacha. Ya kwanza ilidanganywa na baba. Ya pili niliidanganya mimi, tena nikiwa na akili zangu timamu.

Uongo wa baba haukuwa wa ajabu kwa watu wetu. Wahindi wa Unguja tulikuwa wengi ambao hatukuandikishwa tulipozaliwa. Ukifika wakati wa skuli mzazi alikwenda kwa hakimu, akala kiapo, akapewa cheti. Mama hakutaka nitembee peke yangu hadi skuli, wala hakuona maana ya kununua vitabu vile vile mara mbili. Basi baba, mtu wa swala tano, akaapa kuwa mimi na mdogo wangu tulizaliwa siku moja. Tukaingia darasa moja, tukagawana dawati na kitabu. Nje ya nyumba alikatazwa kuniita dada. Mimi mrefu, yeye kibonge, na watu wakisema hatufanani mama alijibu kuwa Mungu ana kazi zake.

Baada ya Mapinduzi tukakimbia, na uongo ule tukauingiza London ndani ya pasi zetu za kusafiria.

Tulipewa fleti ya kaunsili, nyumba ya halmashauri ya mtaa, huko Tottenham. Baba, aliyekuwa na duka la vitambaa, akawa anapanga barua posta. Mama alikaa ndani na koti lake mwilini, akisubiri baridi iishe. Aliyeipenda nchi hii alikuwa mdogo wangu peke yake, na aliipenda kwa sababu ya maabara ya skuli. Makopo ya mama jikoni yalibandikwa majina mapya: chumvi ikawa NaCl, magadi yakapewa jina refu ambalo mama alikataa kulitamka. Mdogo wangu alitaka kuwa mfamasia. Mimi sikutaka kuwa chochote. Niliona haya kukaa na watoto walionicheka ninavyosema, na nilikuwa nahesabu siku za kutoka.

Mwaka huo sheria ikabadilika. Zamani mtoto aliruhusiwa kuacha skuli akitimiza miaka kumi na mitano, apite zake bila mtihani wala cheti. Sasa ilikuwa lazima abaki hadi kumi na sita, aufikie mtihani wa mwisho, na mzazi hana ruhusa ya kumtoa. Ila waliokwisha kutimiza kumi na mitano kabla sheria haijaanza waliachiwa mlango wazi. Mimi nilikuwa nimetimiza. Mdogo wangu alikuwa na miaka kumi na mitatu na ushei. Kwa makaratasi, tulitimiza siku moja.

Baba alishaamua. Kiwanda cha kushona kola za mashati, mwendo wa basi moja kutoka kwetu, kilikuwa kinatafuta wasichana, na nyumba ilihitaji mikono. Mdogo wangu alimlilia.

"Baba, waambie umri wangu wa kweli. The law says I can stay."

"Nikawaambie niliapa uongo? Pasi ikishakuwa na uongo mmoja, mwanangu, yote ni ya uongo. Watatupandisha ndege sote. Haya, tutarudi wapi?"

Simlaumu. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na baba alikuwa ameshakimbia nchi moja.

Wiki ya mwisho ya muhula, mwalimu wa kemia aliniita chumbani kwake. Alikuwa mama mnene, koti lake jeupe limetobolewa na asidi. Alifunga mlango, akanikalisha. Akasema taratibu kuwa anadhani mdogo wangu ana umri mdogo kuliko ulioandikwa. Hakutaka kujua nani alikosea. Alikuwa ameshauliza wakubwa, na hakuna atakayefukuzwa nchini kwa sababu ya tarehe ya mtoto. Kama ni kweli niseme tu, na mdogo wangu atabaki mpaka mtihani, baba apende asipende.

"I only need one of you to say it," alisema.

Kwa hiyo hofu ya baba alikwisha kuniondolea. Ilibaki yangu. Nilikifikiria kile kiwanda, nikajiona peke yangu kwenye basi, peke yangu kwenye meza ndefu, wanawake wakicheka nisijue wanacheka nini. Tangu nianze skuli sikuwahi kuingia mahali pageni bila yule mtoto pembeni yangu. Yeye ndiye aliyeuliza njia. Yeye ndiye aliyejibu tukisemeshwa. Niliogopa, na siku ile niliupenda uoga wangu kuliko mdogo wangu. Hakuna namna nyingine ya kulisema.

"We're twins, Miss," nikajibu. Kisha, wala hakuniuliza, nikaongeza kuwa mimi nilitangulia kwa robo saa.

Akasema asante, akanifungulia mlango.

Tukaanza kazi Jumatatu. Mdogo wangu hakuifikia mashine sawasawa, msimamizi akamwekea mto juu ya kiti. Mwezi wa kwanza alisoma kitabu chake cha kemia wakati wa chai. Mwezi wa pili alikuwa akikifungua tu. Baadaye akawa mshonaji hodari kuliko sote, mwingi wa mzaha, na nikajidanganya kuwa amesahau.

Na ubaya wangu haukuishia hapo. Miaka minne baadaye nilichoka na kola, nikajiandikisha masomo ya jioni, nikaufanya mtihani ule ule, nikapata cheti na kazi ya ofisini. Niliweza kusoma kwa sababu yeye alikuwa akipika na kumwuguza mama, ambaye kifua kilikuwa kimemlaza. Kila nilipomwambia naye aende, alisema zamu yake itakuja. Alishona kola mpaka kiwanda kilipofungwa.

Nilimwambia siku ya hitima ya baba, jikoni kwake Stratford. Tulikuwa tunamenya viazi, wageni wakisoma sebuleni. Baba alipokuwa hai nilinyamaza, nisije nikaonekana namtupia yeye kosa langu. Siku ile nikasema yote: chumba kile, mlango uliofungwa, robo saa. Nikamwomba radhi.

Aliendelea kumenya.

"N'najua," alisema.

"Unajua vipi?"

"Yule Miss aliniuliza mimi kwanza. Sikuweza kumtoa baba mwongo kwa mdomo wangu. N'kamwambia, muulize dada'ngu. She'll tell you the truth, n'kamwambia. She loves me."

Akanisogezea sufuria nitie vile nilivyomaliza, akasema viazi havitatosha, watu wameshakuwa wengi.