Mashine Isiyohitaji Mtu wa Pili

Ukimsikia Verla Stenerud anasema hana shida na mtu, ujue ana shida na mtu. Msimu ule wa baridi shida yake ilikuwa mdogo wake Ardis, aliyekwenda kuolewa uzeeni. Maisha yao yote hawa madada wameishi nyumba moja nje ya Lewistown, Montana, mkubwa akiendesha basi la shule, mdogo akifuga kondoo. Wachumba walikuja, wakaonja ukali wa Verla, wakaenda zao. Kumbe moyo wa Ardis ulikuwa bado mbichi! Akakutana na Gordon, daktari wa meno mstaafu, kwenye harusi ya watu, na kufumba na kufumbua yuko Florida, mahali ambapo hata theluji ya kukanyaga hakuna.

"Msimu wa kuwinda nitakuja," alisema siku ya kuondoka. "Risasi zangu ziwe tayari, dada."

Msimu ukafika, hakuja. Goti la Gordon lilikuwa limepasuliwa. Akasema mwaka utakaofuata. Verla hakumwuliza tena, maana aliliogopa jibu, lakini moyoni alikuwa akingoja tu, kila siku, kama mtoto aliyeahidiwa safari.

Sasa, akina Stenerud hawakuwa watu wa kununua risasi dukani. Ukishapiga, unaokota ganda lako la shaba, unarudi nalo nyumbani na kulijaza upya. Ila ganda likipigwa hurefuka shingo, na lazima likatwe lirudi kwenye kipimo, la sivyo litakwama bundukini. Kazi hiyo madada waliifanya gerejini, Jumapili za baridi baada ya kanisa, hita ikiwa miguuni. Verla anazungusha mkono wa mashine na kukata. Ardis anapokea, analainisha mdomo wa ganda ndani na nje, analipanga. Hapo ndipo walipomsengenya mchungaji, wakagombana, wakapatana. Mambo mazito yote waliyowahi kuambiana waliambiana wakiitazama shaba, si wakitazamana.

Basi baridi hiyo mashine ikagoma. Kisu kimekwisha, mhimili umelegea, maganda yanatoka yamekatwa upande. Verla akaingia kwenye pikapu yake mpaka dukani kwa Orrin Haugse, muuza bunduki anayemfahamu tangu utoto.

"Bi Verla! Hujafa bado?"

"Nife wewe ustarehe? Nionyeshe mashine za kukatia maganda."

Orrin akaweka mbili kwenye kaunta. Moja ilikuwa ya mkono, kama ile ya kwao, ila mpya. Nyingine ilikuwa kidude kifupi cha kufungwa kwenye drili ya umeme.

"Hiki ndicho chako," akasema Orrin. "Unachomeka ganda, ngrrr! Limekatwa, limelainishwa ndani, limelainishwa nje. Huhitaji mtu wa pili. Unamaliza ya msimu mzima kahawa haijapoa."

"Kinakula saizi zote?"

"Hapo sasa. Ya mkono inakula zote, unabadilisha kipande tu. Hiki ni saizi moja, ukishachagua umechagua. Nikupe cha bunduki yako?"

Verla akakigeuza mkononi. Bunduki yake na ya Ardis hazili risasi za aina moja.

"Na maganda ya Ardis?"

"Kwani Ardis anakuja?"

"Anakuja."

"Hata mwaka jana ulisema hivyohivyo."

"Orrin, hapa unauza mashine au unauza umbea?"

"Mashine nauza, mama. Umbea natoa bure."

Verla akatoka nje, akajifungia kwenye pikapu, akapiga simu.

"Dada!" Ardis akaitika. "Kuna nini? Nani amefariki?"

"Hajafariki mtu. Ile mashine yetu imekufa, na Orrin ananishikisha nyingine, ya drili. Lakini ni ya saizi moja tu. Sasa nataka kujua... nataka kujua ninunue ipi."



"Chukua ya drili," Ardis akasema. "Ya saizi yako."

"Na maganda yako?"

"Yangu ya nini tena, dada? Gordon hawezi kubaki peke yake. Na mimi mwenyewe haya mapafu hayaiwezi tena ile milima. Nilikuwa sijui nikuambieje."

"Ungesema tu."

"Uliniuliza?"

Jamani, hakuwa amemwuliza. Verla akasema haya, wasalimie huko, akakata. Alilia mle garini mpaka kioo kikaingia ukungu, na huyu ni mwanamke ambaye hata kwenye mazishi ya baba yake alisimama macho makavu. Kisha akajifuta, akarudi ndani na kununua kile cha drili.

Jumapili akakifunga. Na Orrin hakuwa amesema uongo: ngrrr, ngrrr, basi. Maganda yote yamekatwa, yamelainishwa, yamepangwa, na kahawa yake bado inatoa moshi. Akatazama huku na huku. Mchana wote ulikuwa mbele yake, na hakuna la kufanya wala mtu wa kumgombeza. Alimkumbuka mdogo wake, akatamani hata ile tabia yake ya kuvuta-vuta kamasi iliyokuwa ikimuudhi. "Ardis," akasema kwa sauti, kisha akaona aibu, akazima hita.

Jumatatu alikuwa mlangoni pa Orrin kabla hajafungua.

"Kimeharibika?" Orrin akauliza.

"Hakijaharibika. Kina haraka."

Orrin akamtazama, na safari hii hakuwa na mzaha. Akakipokea, akateremsha ile ya mkono.

"Vipande vya saizi zipi?"

"Yangu tu," Verla akasema. "Ardis haji."

Jumapili iliyofuata alikuwa anazungusha, taratibu, simu ikalia. Akaibana begani, mkono haukusimama.

"Umeninunia?" Ardis akauliza. "Wiki nzima kimya!"

"Nina kazi."

"Kazi gani? Na hicho kinachokwaruza ni nini? Si ulichukua ya drili?"

"Niliirudisha."

"Kwa nini?"

"Ilikuwa inamaliza kazi upesi."

Verla akamsikia akivuta kamasi, akajua analia, naye akaendelea kukata kwa sababu hakujua la kufanya.

"Usikate simu," Ardis akasema. "Iweke hapo mezani, wewe endelea tu."

Verla akaiweka mezani karibu na mashine. Akakata moja, akalilainisha mdomo yeye mwenyewe, akakata jingine. Upepo ulikuwa unapiga mlango wa gereji.

"Unazungusha mbiombio," sauti ikatoka mezani. "Utayaharibu."

"Nyamaza wewe. Njoo uzungushe mwenyewe kama unajua sana."

"Ningekuwa hapo, dada," Ardis akasema, "ningekunyang'anya hiyo mashine."