Pikapu Iliyoacha Kuyumba

Usukani wa pikapu niliyoendesha Nachingwea ulikuwa umelegea. Unazungusha, gari linafuata likipenda. Kaka wa mchumba wangu, fundi, alilala chini yake, nami nikazungusha usukani kushoto na kulia mpaka akakiona kiungo kilicholika. Akakibadilisha.

"Sasa shemeji hutafika ukweni kama mlevi," alisema.

Nikaenda Ruangwa nikiimba, gari limenyooka. Mchumba wangu alikuwa akipalilia ufuta na mama yake kando ya barabara. Kila mara alipoona pikapu ikiyumba kwa mbali, alijua ni mimi, akainua kichwa. Ndiko kuonana kwetu kabla ya ndoa. Siku ile hakuinua. Kumpigia honi mbele ya mama mkwe sikuthubutu.

Jioni, nikirudi, nililiyumbisha gari kwa makusudi. Shambani hapakuwa na mtu.