Gari la barafuni linalokwenda kazini kila siku

Saa kumi na mbili kasoro dakika kumi asubuhi, giza bado limetanda, Sesselja Oddsdóttir anapanda gari lake kama mtu anayeparamia ukuta. Anaweka mguu wa kushoto kwenye ubao wa pembeni, anashika mpini ulio juu ya mlango, anahesabu mpaka tatu, anajivuta. Ana miaka sitini na moja, na goti la kulia siku hizi halimtii.

Gari ni Land Cruiser ya dizeli ya mwaka 1995. Limeinuliwa, na matairi yake ya inchi 38 yanamfika karibu na kiuno. Liliundwa lipande barafu ya milimani, kusikokuwa na njia. Leo, kama jana na juzi, linatoka Selfoss, mji anakoishi, kwenda mji mkuu Reykjavik, kilomita hamsini na saba za lami, kwenye kiwanda kinachofua mashuka ya hoteli.

Likishika barabara kuu, matairi yanaanza kunguruma. Kwenye mwinuko wa Kambar magari madogo yanampita moja baada ya jingine. Lori la samaki linapiga honi ndefu. Sesselja anasogea ukingoni na kuliachia njia.

"Wananipigia honi kila siku," anasema, macho mbele. "Wengine wakinipita wanageuka kutazama ni mwanamume gani huyu mwenye gari kubwa na mguu mwoga. Wakikuta ni bibi mwenye miwani, wanapiga tena."

Kazini, mwenzake Hrefna anamngojea mlangoni na kikombe cha kahawa.

"Nahodha! Umeegesha au umetia nanga?"

"Nimetia nanga. Nimeziba nafasi mbili."

"Tatu. Meneja ametoka kuhesabu."

Sesselja anacheka kidogo, kisha anavaa aproni. Mshahara wake, baada ya kodi, ni kama krona 430,000 kwa mwezi, na zaidi ya robo yake inaishia kwenye tangi la mafuta. Anajua ni upuuzi. Hrefna amewahi kumshauri anunue kigari cha umeme, naye alimjibu kwamba atafikiria. Hakufikiria.

Gari lilikuwa la mumewe, Eyvindur, aliyekuwa fundi wa kuchomelea. Kwa miaka ishirini na sita alijitolea katika kikosi cha uokoaji cha mji wao, kazi isiyo na mshahara. Watu wakipotea kwenye theluji au magari yakikwama nyanda za juu, simu inalia, na wenye magari kama hili wanaacha sahani mezani na kuondoka. Ekseli na difu ya mbele, lile bonge la gia linalogawa nguvu kwa magurudumu, alizifunga mwenyewe, katika banda la nyumbani, kwa majira mawili ya baridi.

"Alikuwa anakuja kulala ananuka grisi," anasema Sesselja. "Nikimwambia kaoge, ananijibu ameshaoga. Na kweli alikuwa ameshaoga."

Eyvindur alikufa kwa saratani ya kongosho, Juni ya mwaka juzi. Kwenye kahawa ya mazishi, watu wakiwa na sahani za keki mkononi, kiongozi wa kikosi, Kolbeinn, alimsogelea na kumwuliza kwa upole kama kikosi kinaweza kulinunua gari.

"Nilimjibu vibaya," anakumbuka. "Nilimwambia, 'Kahawa yake haijapoa na wewe umeshafika kwenye funguo?' Nikasema nitaliendesha mwenyewe. Sikuwa nimepanga. Nilisema tu ili anyamaze."

Likishasemwa mbele ya watu, ikabidi liwe. Akauza gari dogo walilokuwa wakiendea kazini, akabaki na lile kubwa.

Tatizo lilikuwa mtetemo. Gari lililoinuliwa kiasi hicho halipendi mwendo wa barabara kuu. Kuanzia kilomita themanini kwa saa, propela ya mbele, ule mhimili wa chuma unaopeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu ya mbele, inazunguka kwa pembe mbaya na kutikisa gari zima. Eyvindur hakujali, kwa sababu alikokwenda hakuna aendaye themanini. Sesselja alikuwa akifika kazini vidole vimekufa ganzi.

Mei ya mwaka jana alimwendea jirani yake Bersi, fundi mstaafu. Bersi aliifungua propela hiyo kwa nusu saa. Gari likawa linasukumwa na magurudumu ya nyuma peke yake, na likatulia.

"Nilimwambia, mama, hii ni ya kiangazi tu," anasema Bersi, akisimama kwenye ua wake huku akijikuna kidevu. "Theluji ya kwanza ikianguka, uniletee niirudishe. Theluji ikaanguka, hakuja. Nami namwona anapita kila asubuhi, nakaa kimya. Usiandike kwamba kosa ni lake peke yake."

Ilikuwa Alhamisi moja ya Februari mwaka huu. Sesselja aliingia nyanda za juu za Hellisheiði dakika chache kabla barabara haijafungwa kwa dhoruba. Juu kule, magari kama kumi na mawili yalikuwa yameshakwama. Alipotokea, anasema, aliona watu wakifuta vioo vya magari yao ili wamtazame.

"Walikuwa wanatabasamu. Waliona matairi, wakaona na nembo ya kikosi ambayo sijaibandua. Walidhani nimetumwa."

Mzee mmoja alikuja akiinamia upepo, akagonga mlango. Mkewe alikuwa na miadi ya upasuaji wa jicho mjini, miadi waliyoisubiri miezi saba.

"Mama, ninyi ndio wenye magari. Tutoe hapa."

Sesselja angeweza kumwambia ukweli. Badala yake alisema, "Pandeni."

Mzee alimsukuma mkewe juu, akapanda naye. Sesselja akatoka kwenye mstari ili ayapite magari mengine, na baada ya mita thelathini magurudumu ya nyuma yakaanza kuchimba. Ya mbele hayakufanya lolote. Gari likateleza kiubavu, likakaa katikati ya njia pekee ambayo greda la theluji lingepitia. Greda lilipofika, lilisimama nyuma yake dakika arobaini, taa zake za manjano zikimulika kioo chake cha nyuma.

"Mzee aliniuliza, 'Matairi haya ni ya maonyesho?' Hakuwa mkali. Aliuliza tu. Mkewe alimwambia anyamaze, mama wa watu anajitahidi. Hilo ndilo liliniumiza zaidi."

Miadi ikapita. Mama yule alipangiwa tarehe nyingine, miezi mitano mbele.

Aliyekuja kulivuta gari alikuwa Kolbeinn na kikosi. Theluji ilikuwa imejaa mpaka tumboni mwa gari, wala hapakuwa na nafasi ya kuchungulia chini. Kolbeinn alilizunguka mara moja, akatikisa kichwa.

"Difu ya mbele imekufa, shemeji. Nilimwambia Eyvindur, kitu cha kufunga bandani hakidumu. Mungu amrehemu, kichwa kigumu."

Watu wanane walikuwa wanasikiliza, na wale wazee wawili.

Sesselja alijibu neno moja: "Labda."

Tangu siku hiyo kuirudisha propela kungekuwa kukiri, kwa hiyo hakuirudisha. Alipoulizwa kuhusu matengenezo, alisema hana pesa.

Lakini katika mji wao habari hazikai pembeni. Jioni watu hukaa kwenye dimbwi la maji moto la bwawa la kuogelea, maji yakiwafika shingoni, wakipeana yaliyotokea. Siku moja mwezi wa Agosti, Sesselja alikuwa kwenye kona ya dimbwi hilo wakati vijana wawili wakizungumzia mashine ya kukatia majani.

"Ilinifia katikati ya kazi. Difu ya Eyvindur kabisa."

"Usiseme! Difu ya Eyvindur?"

Wakacheka. Mmoja wao hakuwahi kumjua Eyvindur. Kwake lilikuwa jina tu la kitu kinachokuangusha wakati unakihitaji.

"Nilizama mpaka puani," anasema Sesselja. "Sikutoka mpaka walipotoka wao. Ngozi ya vidole ilikuwa imekunjamana kama ya maiti. Mtu alitoka usiku na mchana miaka ishirini na sita, hakumwacha mtu hata mmoja njiani. Mimi kwa neno moja nimemfanya kichekesho."

Jumamosi iliyopita, kikosi kilipokuwa kikiandaa magari kwa majira ya baridi, Sesselja aliingiza Land Cruiser ndani ya banda lao bila kualikwa. Wanaume sita waliacha walichokuwa wakifanya.

"Shemeji!" Kolbeinn alisema. "Umekuja kutuuzia?"

"Nimekuja ukatazame chini."

"Nitazame nini?"

"Ingia tu."

Kolbeinn alilala chali kwenye ubao wa magurudumu, akateleza chini ya gari. Vilibaki viatu vyake tu. Vilikuwa vikicheza, kisha vikatulia.

"Propela ya mbele iko wapi?" Sauti ilitoka chini.

"Nyumbani. Nyuma ya mashine ya kufulia."

"Tangu lini?"

"Mei."

"Mei hii?"

"Ya mwaka jana."

Mmoja wa wanaume alizima redio.

"Kwa hiyo ile siku ya Februari..."

"Difu ni nzima. Haijawahi kuharibika. Niliiondoa propela kwa sababu mikono ilikuwa inaniuma, na uliposema ni kazi ya Eyvindur, nikakuacha useme."

Kolbeinn alitoka chini ya gari lakini hakusimama. Alikaa sakafuni, grisi kwenye paji la uso.

"Nimemsema marehemu mbele ya mji mzima," alisema. "Hata kwenye mafunzo ya wanachama wapya nimemtolea mfano."

"Najua."

"Unajua, na ukakaa kimya?"

"Nilikaa kimya."

Hakuna aliyemwambia kwamba si kitu. Mwanamume mmoja alitoka nje na hakurudi mpaka Sesselja alipoondoka. Kolbeinn alijifuta mikono kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kisha akasema propela iletwe Jumamosi ijayo, na kwamba atawaeleza wengine mwenyewe, kwa kuwa mdomo uliosema ulikuwa wake.

"Wa kwangu pia," Sesselja alimwambia. "Utanisubiri tuwaeleze pamoja."

Bersi ameahidi kutengeneza pembe ya propela ili mtetemo upungue, ingawa hauwezi kuisha. Sesselja anasema ataendelea kwenda kazini na gari hilo, kilomita sabini na tano kwa saa, na wenye honi wapige. Ameomba kuanza mwezi ujao mafunzo ya kikosi pamoja na vijana wa miaka ishirini: kupunguza upepo wa matairi, kusoma theluji, kuvuta gari kwa kamba. Ombi lake bado halijajibiwa, naye hajawauliza.

"Wakikataa, gari watachukua wao, nami nitapanda basi," anasema. "Nisamehewe au nisisamehewe, hilo ni lao."

Anazima injini mbele ya nyumba yake, anabaki ameketi, mikono kwenye usukani. Mwandishi anapofunga daftari, Sesselja anamshika mkono.

"Habari ya goti na ya keki unaweza kukata. Hili usikate. Andika kwamba difu aliyoifunga Eyvindur ni nzima."