Mgeni wa Njuga

Najua mnanijua kwa utani, ila leo sitanii. Haya yamenipata mimi mwenyewe, hapa hapa Texas, na mama yangu yupo Haltom City, kamuulizeni.

Nilikuwa nimetoka kazini, warehouse moja, ghala la mizigo, nje ya Fort Worth, pembeni majani makavu matupu. Jua linazama lakini joto lile, hata shetani angeomba feni! Nikafungua madirisha gari lipoe, huku napiga mluzi. Mama tangu kambi ya wakimbizi kule Kigoma ananikataza: jua likizama, mluzi unaita nyoka. Mimi namwambiaga, "Mama, nyoka wa Texas hajui nyimbo zetu."

Mara nasikia, "Hodi."

Kiswahili! Kule porini! Mdomo ukajibu wenyewe, "Karibu!" Si ndivyo tulivyo? Karibu kwanza, macho baadaye.

Dada mmoja mrembo, gauni refu rangi ya mchanga, akaingia kiti cha nyuma. Kila akisogea, miguuni chaka-chaka-chaka, kama njuga za wacheza ngoma.

"Dada, harusi ya nani leo?"

"Naenda kwenu," akasema. "Nina njaa."

Nikacheka. Niaminini, nilicheka! Kwetu mgeni haulizwi atokako kabla hajala. Nikawasha gari.

Njiani akasema nifunge madirisha, niwashe hita. Hita, mwezi wa nane! Nikamtazama kwenye kioo. Hapepesi. Maili kumi, hajafumba jicho hata mara moja, na mboni imesimama wima kama ufa wa mlango. Utani ukaniishia.

Mama akapiga, nikaweka spika. "Uko wapi, baba? Ugali unapoa." Nyuma yake mtoto wa dada yangu analia, miezi sita tu.

Njuga zikaanza kulia, na yule mtu hajasogea. "Kuna mtoto," akasema. Akameza mate.

Simu nikakata. Nikasimamisha gari mbali kidogo na nyumba, nikamwambia tumefika. Wapi! Nageuka, hayupo. Yuko juu ya ngazi, mlangoni kwetu. Sasa mama yangu mnamjua? Hata mtu wa kuleta maboksi akigonga, anaitika karibu kabla hajainuka kwenye kochi!

"Hodi."

"Mama, usiitike!" nikapiga kelele, napanda ngazi mbili mbili.

Ndani nikasikia kicheko. "Wewe na michezo yako! Kari..."

"Haki ya marehemu baba, mama! Usiitike!"

Kwa jina la baba sijawahi kufanya utani. Mama analijua hilo. Ile "karibu" haikumalizika.

Nikamdaka gauni. Likabaki mkononi, jepesi, kavu, magamba matupu. Kitu kinene kama paja langu kikateremka ngazi, chaka-chaka-chaka, kama wale nyoka wa Texas wenye njuga mkiani, kikaingia chini ya gari langu.

Siku hizi mama anauliza "Nani?" mara tatu, hata padri anasubiri nje. Mimi naenda kazini kwa lifti za watu. Gari limepaki pale pale, madirisha yamefungwa, na jua likizama nasikia njuga ndani. Mlangoni hakukaribishwa, sawa. Lakini garini nilimkaribisha mimi, kwa mdomo wangu huu.

Kwa hiyo ukisikia hodi, ndugu yangu, hata kwa lugha ya mama yako, tazama miguu kwanza. Na ukipita kwetu, lile gari la kijivu usiliegemee.