Yalikuwa Maharage Tu

Juzi, rafiki yangu, niliifokea televisheni mpaka mjukuu wangu akaja mbio kutoka uani, akidhani nimeanguka. Televisheni yenyewe si yangu, ni ya mpwa wangu ninayekaa kwake hapa Mbinga mjini, na sina haki ya kuipigia kelele. Lakini nilishindwa kujizuia. Walikuwa wanamwonyesha mtoto wa kike, mdogo tu, amefungwa kitambaa cheusi machoni, mtangazaji kamsogezea kipaza sauti mpaka puani. Ati ana jicho la tatu. Ati anasoma kitabu kilichofungwa. Ati akimgusa mgonjwa anajua ugonjwa uko wapi. Nyuma yao watu wamejipanga foleni, na mtangazaji anashangaa kwa sauti kubwa ili na sisi tushangae.

"Bibi, wewe huamini kitu chochote," mjukuu akaniambia.

Nikamwambia akae chini. Mimi nilikuwa mtoto wa ajabu kabla mama yake hajazaliwa. Gazeti liliniandika, na picha likatoa. Na kuna kaburi moja dogo kule kwetu, juu ya kijito, ambalo lisingekuwepo kama gazeti lile lingeandika neno moja tu, maharage. Basi nawe kaa, nikusimulie kama nilivyomsimulia yeye.

Kwetu ni milimani, upande wa Litembo, ambako ukisimama ng'ambo ya bonde unaona mashamba yamejaa mashimo ya ngolo, yanayozuia mvua isibebe udongo, safu juu ya safu, mpaka mgeni anauliza nani kayachimba yote hayo. Ilikuwa miaka ile ya ujamaa. Tulikuwa na shamba la kijiji, duka la kijiji, na lori la ushirika lililokuja kuchukua kahawa barabara ikikubali. Jioni wazee wetu walikwenda darasani kwetu, wakabana magoti kwenye madawati yetu mafupi, wakasoma silabi kwa sauti moja. Sisi watoto tulichungulia dirishani na kucheka hadi tukafukuzwa. Ah, raha iliyoje kumwona mama yako akikosea "ba" na "pa"!

Bibi yangu ndiye aliyenilea. Kila mwaka, kabla ya kupanda, alitutia kazini, mimi na binamu yangu, kuchambua mbegu. Maharage yalivunwa yamechanganyika na kuliwa yamechanganyika, lakini bibi hakuwa mtu wa kupanda ovyo. Ya njano aliyataka kwa shamba la juu, mekundu kwa shamba la karibu na maji, meupe na ya madoadoa kila moja na mahali pake. Na kwa kuwa nje mvua ilikuwa haikatiki, kazi ilifanyika jikoni.

Jiko la bibi, usiniulize! Halikuwa na dirisha. Kuni zilikuwa matawi ya mibuni yaliyopogolewa, mabichi bado, yanatoa povu kwenye ncha na moshi wa kuua mbu. Ukifumbua macho unalia. Kwa hiyo hatukufumbua. Tulikaa sote watatu, ungo magotini, macho tumeyafumba, vidole vinakwenda, huku tukiimba na kuwasengenya majirani. Harage jekundu ni refu na limepinda mgongo. La njano ni la mviringo, limenona. Jeupe ni dogo, jembamba. La madoadoa lina ngozi ya kukwaruza kidogo. Lililobunguliwa na fukusi ni jepesi, unalijua kabla hujaliinua. Hakuna aliyetufundisha, vidole vilijifunza vyenyewe kama vya kila msichana wa kijiji kile.

"Jikoni kwangu macho ni vidole," bibi alikuwa akisema. "Anayetaka kutumia yale mengine akakae barabarani."

Sasa siku moja wakaja wageni wa wilaya kukagua kijiji, na kati yao bwana mmoja wa gazeti, mtu wa Pwani, viatu vyake vimekwisha kwa matope. Mvua ikamkimbizia jikoni kwetu. Alipiga hodi vizuri, akamwamkia bibi shikamoo, akapokea kigoda na kikombe cha togwa kwa mikono miwili. Mwungwana, simsingizii. Alikohoa, akafuta machozi, kisha akaanza kututazama. Akaokota harage moja akaniwekea kiganjani.

"Rangi gani hii?"

"Nyekundu."

"Na hii?"

"Njano."

Bwana yule akasimama kwa kishindo, kichwa kikagonga boriti ya paa. "Mama! Huyu mtoto anaona kwa vidole!"

Bibi akacheka sana. "Anaona hata lililooza ndani," akamjibu, maana mgeni anayeshangazwa na maharage utamfanyaje kama si kumtania. Ila bwana yule hakucheka. Alinitoa nje mvua ilipopungua, akamwomba bibi kitambaa chake cha kichwa, akanifunga nacho machoni, ndipo akapiga picha. Jikoni sikuwa nimefungwa kitu. Binamu yangu, aliyekuwa hodari kunishinda, alisogea ili naye apigwe, akaambiwa akae pembeni kwa sababu ya makamasi. Mpaka leo ananiambia kwamba ni makamasi yaliyomnyima umaarufu.

Gazeti lilikuja na lori la kahawa. Mwalimu wetu alilisoma mbele ya darasa la watu wazima, sauti inamtetemeka kwa fahari. Nilikuwemo, nimefungwa kitambaa, nimekunjua vidole. Ilisemwa kwamba milimani Mbinga kuna mtoto anayeona bila macho, anayetambua rangi gizani, na kwamba kwa mujibu wa bibi yake huona hata kilichoharibika ndani. Ndani ya nini, hawakusema. Harage halikutajwa hata moja. Wala moshi. Wala binamu.

Bibi akasimama palepale. "Mwalimu, hiyo si kweli. Nilisema maharage."

"Mama," mwalimu akamwambia kwa heshima, "limeandikwa."

Unaelewa uzito wa neno lile? Watu wale walikuwa ndiyo kwanza wamejua kusoma. Kila walichokisoma mpaka siku ile kilikuwa kweli. Kitabu cha kisomo kilisema chemsha maji, wakachemsha, matumbo yakapona. Kilisema weka samadi, wakaweka, mahindi yakanenepa. Maandishi yalikuwa hayajawahi kuwadanganya. Hata majirani zetu, ambao mabinti zao walikuwa wanachambua mbegu hivyohivyo, macho wamefumba, moshi uleule, walianza kunitazama kwa jicho jingine.

Mwanzoni ilikuwa kichekesho. Huyu kapoteza mbuzi, yule anataka kujua nani kamroga kuku wake. Bibi aliwafukuza kwa mwiko. Mimi nilikuwa nasema, "Siwezi, mimi najua maharage tu," nao wanatikisa vichwa na kuambizana kwamba wenye kipaji ndivyo walivyo, hawapendi kujitangaza. Hebu niambie, mtu utajitoaje hapo? Ukikubali ni wewe, ukikataa ndiyo kabisa.

Kisha akaja mama wa ziwani.

Alifika mchana, mvua imepumzika kidogo. Alikuwa mama kijana, Mnyasa, kutoka ufukweni upande wa Mbamba Bay. Alikuwa amepanda milima siku mbili kwa miguu, kapu la dagaa kichwani, wale wanaowaita usipa, na mgongoni mtoto wa kike ambaye alikuwa hata halii tena. Alipiga magoti akamwamkia bibi. Akafungua pindo la kanga, akatoa ukurasa wa gazeti uliokunjwa, akanitazama mimi, akaitazama picha.

"Ndiye," akasema. "Nimelisoma mwenyewe, mama. Mimi mwenyewe, bila kusomewa."

Bibi hakulitazama gazeti. Alimtazama mtoto. Mbavu zilikuwa zinaingia na kutoka, puani sauti ya filimbi.

"Kwenu hakuna zahanati?"

"Ipo, mama. Niliipita. Lakini huyu anaona ndani. Aguse tu, aniambie ni nini kinachomla mwanangu."

Nilinyoosha mkono. Nakwambia kweli, nilitaka kumgusa, si kwa uganga, ni kwamba alikuwa mdogo na alikuwa anateseka. Bibi akanishika kifundo cha mkono kwa nguvu ambayo sikujua anayo.

"Usimguse," akaniambia. "Ukimgusa, huyu mama atatua mzigo wake hapa, atalala ameridhika, na mtoto atakufa ameguswa. Usipomgusa, atanichukia, lakini atatembea."

Kisha akamgeukia mgeni. "Mwanangu, hapa hakuna anayeona kitu. Hapa kuna maharage. Inuka, twende hospitali ya misheni." Yule mama akalia, akasihi, akatoa dagaa wote akawamwaga miguuni pangu. Bibi alikuwa ameshaita wanaume. Walifunga machela ya blanketi na miti miwili, mama akalala humo na mwanawe kifuani kwa sababu miguu yake ilikuwa imekwisha, wakaondoka mbio. Kwetu ilikuwa hivyo zamani, mgonjwa hupokezanwa. Wanaume wa nyumba hizi wanambeba mpaka nyumba zile, wale wanatoka bila kuuliza ni nani, wanaweka bega chini ya mti. Bibi alikwenda nyuma yao na mimi nyuma ya bibi.

Tulivuka kijito cha kwanza. Tulipofika cha pili, mama akasema wasimamishe. Hakuna aliyehitaji kuambiwa kwa nini.

Tulimzika pale juu ya kijito, katekista akasali, wanawake wa kijiji wakakaa na yule mama kama ndugu yao. Alipojiandaa kurudi ziwani alinijia. Hakuwa na hasira, na afadhali angekuwa nayo. Akanishika mikono, akavitazama vidole vyangu kimoja kimoja.

"Ungemgusa tu, mwanangu," akasema. "Ungepungukiwa nini?"

Nimeambiwa maneno mengi mabaya maishani mwangu, na mengine nilistahili. Hilo sikustahili. Silikubali mpaka leo! Bibi alikuwa sahihi na mimi sikuwa na kosa. Kama mama yule angeingia zahanati aliyoipita siku ya kwanza, asubuhi, mtoto wake bado ana nguvu ya kulia, pengine leo mtoto yule angekuwa bibi mwenzangu anayefokea televisheni yake huko Mbamba Bay. Lakini mama yule alikwenda kaburini kwake, wakati wake ulipofika, akiamini kuna msichana milimani aliyekuwa na uwezo akaunyima. Hakudanganywa na mganga. Alidanganywa na kitu cha kwanza alichokisoma mwenyewe.

Bwana wa gazeti alirudi kiangazi. Alikuwa amesikia kuna habari mpya, mtoto wa ajabu kakataa kuponya. Bibi hakumpa kigoda. Alimchukua moja kwa moja mpaka kijitoni, akamwonyesha kile kichuguu cha udongo na msalaba wa fito.

"Piga picha hapa," akamwambia. "Andika, yalikuwa maharage."

Yule bwana akavua kofia. Akatazama chini, akasema pole, mama, pole sana, kisha akasema filamu imekwisha. Tulipopanda kurudi barabarani, watoto walikuwa wanampungia mkono, wamepanga mstari, wanacheka. Akasimama, akawapiga picha.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Hapana, wasinidanganye. Ile ilishuka mpaka ziwani ikapanda tena ikiwa imebeba mtoto.

Jiko la bibi limeanguka siku nyingi, na bibi amelala si mbali na kijito kile, alichagua mwenyewe. Ngolo bado zipo, mashimo yaleyale. Lakini maharage yale yamepotea. Siku hizi watu wanapanda ya aina moja, yanayotakiwa na wanunuzi wenye magari. Juzi baada ya kumaliza kusimulia, mjukuu wangu alitaka nimwonyeshe. Akaleta ungo na maharage ya dukani, nikafumba macho. Yote yaleyale, yamelingana, laini. Vidole vyangu vilizunguka vikakosa la kusema, na nikakuta nalia bila moshi.

Mjukuu alikuwa ameshainua simu anirekodi. Nikamwambia iweke chini, naye akaiweka, Mungu ambariki. Kisha akaniuliza kwa upole kwa nini nilimfokea mtoto wa watu pale kwenye televisheni, kwani kosa lake nini.

Sikumfokea mtoto. Mtoto yule namhurumia, natamani kumfungua kitambaa, nimpanguse makamasi, nimwambie aende akacheze. Wala sikumfokea mtangazaji, maana yeye, hata ukimpeleka kaburini, filamu yake itakwisha. Ni kwamba kwenye foleni, pembeni kabisa mwa picha, nilimwona mama mmoja kijana, mtoto mgongoni, kichwa cha mtoto kimelegea upande. Kamera ilimpitia mara moja tu ikaenda zake.

"Mama, toka hapo!" ndivyo nilivyokuwa napiga kelele. "Usingoje kuguswa! Toka, mpeleke hospitali!"

Foleni ikatembea. Akasogea hatua moja mbele.